Mshika Kamba

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, na magoti yangu yanalalamika lakini bado yananibeba. Natumaini u mzima na unakula vizuri.

Sizunguki. Muhula ukiisha, funga mizigo urudi. Mshika kamba wangu amehamia kwa wakwe zake na sina mwingine wa kumwamini. Nikiwa chini ya kisima, mita kumi na mbili, roho yangu iko mikononi mwa aliye juu. Wewe ulilijua hilo ukiwa na miaka kumi: nikivuta mara moja unapandisha ndoo, nikivuta mara mbili unanipandisha mimi. Hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Hicho chuo kitakupa nini? Kijana wa jirani alirudi na shahada ya kemia, na huu ni mwaka wa nne anauza vocha za simu chini ya mwavuli. Joho lake wamelitundika sebuleni, linapigwa na vumbi.

Nakutumia chupa ya maji ya kisima changu kipya, kile cha pembeni ya kinyozi. Mtaa mzima unachota pale. Onja, kisha uniambie ni profesa gani aliyenifundisha.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo baba,

Mimi ni mzima wa afya, nakula na kulala. Mama mpe salamu nyingi, mwambie lile shuka lake ndilo ninalojifunika.

Chupa imefika. Sikuyaonja maji. Niliyapeleka maabara, maana maji ndiyo ninayosomea, baba, ingawa hujawahi kuniuliza nasomea nini. Yana vijidudu vya chooni, tena vingi. Kutoka kisimani hadi vyoo vya soko ni hatua ngapi? Tafadhali watu waache kuyanywa.

Na sirudi. Nakuheshimu, na sirudi. Kijana wa jirani hakukosea kusoma. Waliokosea ni waliomwacha akae chini ya mwavuli na kichwa kile. Ukipita pale msalimie, uache kunitishia naye.

Binti yako

27 Februari

Binti,

Salamu. Barua yako niliisomea kwa kinyozi, kwa sauti, nikidhani ni ya kunisifu. Nilipofika kwenye vyoo nilikuwa nimeshachelewa kunyamaza. Watu walicheka mpaka nusura kinyozi amkate mteja sikio.

Nimechimba visima thelathini na kimoja. Maji yangu ni meupe, ukidondosha sarafu unaiona ilipolala. Mama yako tumbo linamsumbua wiki hii, ni uchovu tu, na anaendelea kuyanywa hayohayo. Kama nimekusomesha ili uje kuniambia nimechimba choo, basi kosa ni langu. Usiniandikie tena mpaka siku unayorudi.

Mchimbaji

6 Aprili

Shikamoo baba,

Natumaini hamjambo. Umeninyamazia wiki tano na mimi nimejaribu kukutii, nimeshindwa. Mama anaendeleaje? Tumbo lake bado ni uchovu?

Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe. Nilikosea. Mkufunzi wangu aliniuliza nani alijaza chupa ile, na mikono yake ilikuwa imeshika nini kabla. Sikuwa nimekuuliza hayo kabla ya kupima. Huenda vile vijidudu vilitoka mikononi au ndani ya chupa, si kisimani. Nimekuaibisha kwa kipimo ambacho hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekikataa. Nisamehe kwa hilo.

Kwa hilo tu. Nimekutumia chupa mbili zilizochemshwa na kufungwa. Nawa kwa sabuni, usiguse mdomo wa chupa, zishushe kwa kamba safi, zifunge upya, zizungushie barafu, umpe kondakta wa basi la alfajiri. Mimi nitazipokea stendi kabla ya saa sita mchana. Mpaka majibu yatoke, mchemshe maji.

Yakiwa safi, nitakuja kusimama kwa kinyozi nikuombe radhi mbele ya wote waliokucheka. Kisha nitapanda basi nirudi chuoni. Hapa ndipo nilipofundishwa kujikagua mpaka nikaliona kosa langu, na siondoki.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako amepona, anakula, na ameanza kugomba, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Karatasi ya majibu imefika bila barua. Nimeelewa, na mimi nilikunyima barua. Ila zile tarakimu hazikuniingia. Nikaenda pale kwenye mwavuli, nikajifanya nanunua vocha, mwisho nikamkabidhi kijana wa jirani. Aliisoma mara moja tu. Hakucheka.

"Mzee, choo kimeingia kwenye haya maji," akasema. "Chupa zote mbili."

Nikamwambia najua. Kisima nilikifunika siku ileile niliyojaza chupa zako. Nilipomaliza kuzifunga nilijimiminia kikombe kama kawaida yangu, nikakitazama, nikashindwa kunywa. Ndipo nikahesabu hatua hadi vyoo vya soko. Kumi na nane. Miaka yote hii nachagua mahali kwa kuangalia ulaini wa udongo, hatua sijawahi kuhesabu. Niliumia, mwanangu. Nikaenda kwa kinyozi nikasema mwenyewe, kwa sauti ileile niliyosomea barua yako. Hakuna aliyecheka. Mtoto wa kinyozi naye alikuwa kitandani siku ya nne, sasa hajambo.

Usidhani nimelainika. Bado nasema nusu ya wanayowafundisha huko ni maneno matupu, na cheti hakijawahi kumpandisha mtu kutoka shimoni. Lakini tumeanza kisima kingine, hatua sitini kutoka vyooni, upande wa juu wa mteremko, mahali alipopima yule kijana. Ndiye anayenishikia kamba sasa. Juzi nilivuta mara mbili, na badala ya kunipandisha akainama juu ya shimo akauliza kwa nini. Nilimtukana mpaka nikafika juu. Ana maswali kama wewe.

Kwa hiyo nafasi yako kwenye kamba imeshachukuliwa. Ukirudi kabla ya kumaliza chuo, hutaikuta.

Baba yako