Bahasha ya Picha Yako Iko kwa Mama Kulwa

Mwalimu Shija,

Shikamoo. Naanza na habari za kazi, maana ndizo ungeziuliza kwanza. Mashine mpya ya eksirei ilifungwa miezi mitatu baada ya kukuzika. Sasa picha ya kifua inatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa shati. Chumba cha giza, ulichosafishia filamu zaidi ya miaka ishirini, kimegeuzwa stoo ya mashuka. Harufu ya dawa haijatoka. Mafundi waliokuja kufunga mashine waliuliza kama kuna mtu alimwaga siki.

Wagonjwa ni wale wale. Wachimbaji wa maduarani, yale mashimo ya dhahabu, na vikohozi vyao, wazee walioanguka na baiskeli, mtoto aliyemeza kifungo, akina mama wajawazito wa ultrasound kila Jumatano na Ijumaa. Mabibi bado nawaelekeza kwa Kisukuma ulichonifundisha, na bado wananicheka kwamba natamka kama mtu wa Chato. Ni kweli, ndiko nilikotoka.

Lakini sikukaa kukuandikia kwa ajili ya mashine. Ile ahadi niliyokupa nimeivunja, na nataka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Ilikuwa Jumatatu, foleni imefika hadi nje kwenye benchi la zege. Uliingia bila koti lako jeupe, ukaniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yako: "Mayu, leo mimi ndiye mgonjwa. Nipige kifua." Nilicheka. Ulikuwa unakohoa tangu mvua zianze na kila mtu ulimwambia ni vumbi la barabara. Ukajisimamisha mwenyewe, kidevu juu, mabega mbele. Sikuwa na cha kukurekebisha.

Niliingia chumba cha giza peke yangu. Filamu ilipokuwa tayari niliiweka kwenye taa. Pafu la kulia, juu, kulikuwa na uvimbe mkubwa kama limau, kingo zake hazijakaa sawa. Nikaanza kuhesabu mbavu. Sijui kwa nini. Nilizihesabu mara mbili.

Nikatoka nikakwambia, "Picha imetikisika, Mwalimu. Turudie."

Ilikuwa haijatikisika. Wewe ndiye uliyenikataza kurudia picha bila sababu. Ulikuwa ukisema mwili wa mtu si daftari la mazoezi. Uliniangalia usoni, kisha ukarudi kusimama. Nilikupiga mionzi bure, Mwalimu, kwa sababu nilitaka dakika chache zaidi kabla ya kusema. Niliporudi na ya pili ulininyooshea mkono, ukazitundika zote mbili kwenye taa, ukazitazama muda mrefu.

"Zote nzuri," ukasema. "Umezipiga vizuri."

Kisha ukazima taa.

Daktari alizisoma siku hiyo hiyo akakuandikia rufaa ya Mwanza. Uliikunja karatasi ukaitia mfukoni. Mlangoni ukanigeukia ukamtaja mkeo: "Mama Kulwa asijue. Mpunga unakaribia kuiva, na akijua hatavuna. Tukimaliza nitamwambia mwenyewe, halafu nitakwenda Mwanza. Niahidi."

Nikasema, "Nakuahidi."

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hilo nalo ulinifundisha wewe. Nikajiambia natii somo. Ukweli ni kwamba niliogopa kubishana na wewe.

Mavuno yakaisha. Ukasema mpunga ukauke kwanza. Ukakauka, ukasema mwanao Doto afunge shule kwanza. Kila wiki nilikuuliza kwa macho na kila wiki ukatazama pembeni. Ulipokubali kwenda, ilibidi ushikwe mikono miwili kupanda ngazi za basi. Walikulaza wodini siku tisa wakakurudisha nyumbani. Mama Kulwa aliambiwa huko Mwanza, akiwa amesimama kando ya kitanda chako, na kwake ilikuwa kama ugonjwa umeanza wiki ile.

Ulifariki Jumapili ya tatu baada ya kurudi. Watu walikuwa wengi. Hata wachimbaji uliowapiga picha miaka ile walikuja na pikipiki zao, wakasimama nyuma kabisa na kofia mikononi.

Matanga yalikuwa yamekwisha siku nyingi Mama Kulwa alipokuja hospitali. Ilikuwa mchana. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki, ile kubwa ya kuwekea picha. Aliikuta chini ya nguo zako sandukuni. Filamu hajui kuisoma, lakini tarehe anaijua, na tarehe niliiandika mimi kwa kalamu nene, pamoja na jina lako na umri wako.

"Leticia," akasema, "hii tarehe ni ya kabla ya mavuno."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo alijua."

Ningeweza kusema tarehe imekosewa. Ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilishadanganya mara moja kwenye chumba kile. Nikamwambia, "Alijua. Na mimi nilijua, na daktari alijua. Aliomba usiambiwe mpaka mpunga uishe."

Akakaa kwenye benchi katikati ya wagonjwa. Hakulia. Alizungumza akitazama bahasha:

"Siku ya pili ya kuvuna alikaa chini katikati ya jaruba. Nikamwambia mbele ya watu, kazi ya kivulini imekufanya legelege. Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Halafu akainuka akaendelea kukata."

Mwalimu, hilo sikulijua. Hukuwahi kunisimulia. Ulitaka kumpunguzia mzigo, ukamwachia huo, na ataubeba mpaka mwisho. Nakuheshimu kama baba, lakini nitasema: hukumtendea haki. Na mimi nilikusaidia.

Aliondoka bila kuniaga. Jumapili iliyofuata nikaenda nyumbani kwenu. Akaniletea kiti, akazungumza habari za kuku. Jumapili ya pili, kuku tena. Ya tatu alinisogezea ungo, tukachambua maharage pamoja. Tulipofika nusu ya debe akaniuliza, "Alipoiona hiyo picha, alifanya nini?"

Nikamweleza yote, hata ile ya kurudia. Nikamwambia ulizitazama ukasema zimepigwa vizuri.

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Huyo ndiye yeye," akasema. "Huyo ndiye yeye kabisa."

Bahasha ameirudisha sandukuni, ila sasa imelala chini ya nguo zake yeye. Nilipokuwa natoka alinisindikiza hadi barabarani. "Wewe nimekusamehe nusu," akaniambia. "Yeye bado namgombeza. Asubuhi nikiwasha moto namgombeza."

Kuna jambo moja zaidi. Wiki mbili zilizopita alikuja mchimbaji mmoja, mtu mzima, familia yake iko Kahama. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu na kikohozi hakikuisha. Nilimpiga kifua. Picha haikuwa nzuri. Daktari alimweleza kila kitu na kumwandikia rufaa. Akatoka, halafu akarudi mlangoni kwangu.

"Dada," akasema, "mke wangu akipiga simu hapa, mwambie sina kitu. Asijue kwanza."

Niliitazama karatasi ya rufaa ikikunjwa mkononi mwake. Safari hii sikuahidi haraka. Nikamwambia, "Siri yako siitoi kwa mtu yeyote. Lakini uongo sitamwambia. Mlete hapa. Mwambie sasa hivi ukiwa bado unaweza kusimama mwenyewe. Ukiogopa, nitakaa nanyi."

Alikasirika. Alisema mimi ni mpiga picha, si mshenga wake. Akaondoka na kofia yake ngumu kwapani, nami nikajua nimempoteza.

Alhamisi walikuja wawili. Alizungumza mwenyewe, macho sakafuni, mimi nimekaa kwenye kiti cha tatu. Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho. Alishika goti la mume wake akamgeukia daktari, akauliza kitu kimoja tu: "Basi la Mwanza linaondoka saa ngapi?"

Waliondoka kesho yake asubuhi. Itakuwaje huko sijui. Najua tu kwamba amekwenda akiwa anatembea kwa miguu yake, na aliyembebea begi anajua ndani kuna karatasi gani.

Ahadi niliyokupa nimeivunja, Mwalimu, na siombi unisamehe. Nakupa nyingine. Siri za wagonjwa nitazitunza kama ulivyonifundisha, lakini hakuna atakayenitajia siri ya namna yako bila kunisikia nikimbembeleza aende akaseme nyumbani. Nitambembeleza hata akinitukana. Hata akiwa mwalimu wangu.

Jumapili nitapita kwa Mama Kulwa. Nikimkuta bado anakugombeza, nitamwacha amalize.

Wabeja, asante Mwalimu, kwa kila ulichonionyesha. Lala salama.

Mimi,
Leticia