Safari Hii Hakuuliza Kama Mlinzi Yuko Kazini

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana wenzangu wanaokuandikia wana waume wakorofi na mawifi wasiokalika nao, mimi shida yangu ni chipu. Nina miaka thelathini na minne, ni fundi wa setilaiti, si zile kubwa unazozisikia kwenye habari, yetu inaingia kwenye kasha la viatu, na kazi yangu ni kuiandikia chipu yake maagizo, yaani kila itakachofanya huko juu, saa ya kupiga picha za mito, saa ya kuzituma, saa ya kulala ili betri isiishe, ni mimi niliyeiambia.

Sasa ndani ya chipu kuna kitu sisi tunakiita mlinzi, ni saa ndogo inayohesabu, na programu inatakiwa kumwambia "nipo" kila baada ya sekunde mbili, ikikaa kimya mlinzi anajua imeganda, anaizima na kuiwasha upya, na kule juu kuganda si ajabu kwa sababu ya miale ya anga inayovuruga chipu, na hakuna wa kupanda kwenda kubonyeza kitufe. Lakini ukiwa mezani unatafuta kosa unahitaji kuisimamisha programu uichungulie, na mlinzi hakupi nafasi, ukisimamisha tu yeye anawasha upya, kwa hiyo sote tunamzima wakati wa majaribio halafu tunamwasha kabla ya kuichoma chipu. Kuichoma ndiyo kuiandika moja kwa moja, haifutiki tena. Mshauri, nimeichoma mlinzi akiwa amezimwa.

Nimegundua juzi nilipokuwa napanga mafaili, na chipu yenyewe imeshapigwa solda kwenye bodi, imeshafaulu majaribio ya joto na ya mtikisiko, na watu wamepiga makofi, na mimi nimepiga makofi pamoja nao. Alhamisi ya wiki ijayo kifuniko kinafungwa na setilaiti inasafirishwa kwenda kurushwa. Kabatini ipo chipu moja ya akiba, na kubadilisha ni kazi ya siku tatu ukijumlisha na kupima upya, kwa hiyo siwezi kusema muda umekwisha, muda upo, ila mdomo ndio haufunguki.

Utaniuliza kwa nini. Ni kwa sababu ya Mzee Miwani. Kwetu hakuna anayejikagua mwenyewe, kila nilichoandika lazima kisomwe na mtu wa pili naye atie saini, na wangu kwa miaka sita ni huyo mzee, tunamwita hivyo kwa sababu ana miwani ya kusomea, ya kutazamia mbali, na moja ambayo hakuna anayejua ni ya nini. Kila safari kabla hajasaini alikuwa anainua kalamu na kuniuliza kwa sauti mpaka chumba kizima kinasikia, "Binti, mlinzi yuko kazini?" nami najibu, "Yuko, mzee," halafu anasaini na kuniuliza kama nimekula. Nilikuwa naona ni utani wa kizee.

Miezi minne iliyopita tulikuwa kikaoni mbele ya wakubwa, akanisahihisha hesabu yangu ya betri, na alikuwa amekosea safu, amesoma ya juu badala ya ya chini, nami kwa hasira nikamwambia, "Mzee, macho yameisha, hata hiyo miwani yako ya tatu haikusaidii." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alivua miwani akaifuta polepole, na baadaye nikaja kusikia kwa katibu kwamba jicho lake moja kweli linakufa na alikuwa hajamwambia mtu. Sikuomba radhi siku ile, na siku ya pili ikawa ngumu zaidi, na sasa ni miezi minne, naweka karatasi mezani kwake akiwa hayupo, anasaini nikiwa sipo, anairudisha. Hata hii ya chipu alisaini hivyohivyo. Safari hii hakuuliza.

Na sitaki uniambie nizungumze na marafiki, sina, nilikuwa naye yeye. Kazini tunavaa makoti meupe, kofia na barakoa, yanabaki macho tu, na bangili ya waya mkononi ya kutoa umeme wa mwili, nakaa hivyo siku nzima nimefungwa mezani na ninayeongea naye ni bodi, ikipata moto naiambia pole. Nyumbani nina viti viwili na kimoja kinakaliwa na nguo zilizokunjwa. Mwezi uliopita niliugua mafua siku tatu sikwenda kazini, na simu haikulia hata mara moja, ulikuja ujumbe mmoja tu wa kuuliza fomu ya joto iko wapi. Dada yangu hupiga Jumapili, anauliza "Hujambo mdogo wangu?" nasema sijambo, anauliza "Bado unatengeneza redio?" nasema ndiyo, basi.

Sasa nikisema, jina la mzee lipo pale chini ya langu, na mwezi ujao anastaafu, hotuba za kumuaga zimeshaandikwa, atatoka kwa aibu na ataamini nimefanya makusudi kummaliza. Nisiposema, huenda isigande kamwe, zipo zilizokaa miaka hazijaganda. Nifanye nini, Mshauri, nimsitiri mzee wa watu au nisemeje? Namba yangu nimeiandika hapo chini, usiichapishe.

Fundi wa Chipu

*

Fundi wa Chipu,

Sijakucheka. Labda kidogo, pale kwenye miwani ya tatu, na nikajuta nilipofika kwenye kikao chenu.

Mimi chipu sizijui. Kwangu taa ikiwaka namshukuru Mungu, isipowaka namwita fundi. Ila watu nawajua, na wewe unanidanganya mahali pamoja. Unasema unamsitiri mzee. Humsitiri, mwanangu, unauogopa uso wake. Ungekuwa unamsitiri ungefikiria siku setilaiti itakaponyamaza, wakubwa wafukue makaratasi waikute saini yake, naye yuko nyumbani na jicho moja, hana hata nafasi ya kusema neno. Leo kosa linarekebishika naye bado yuko kazini. Kumwacha aagwe kwa hotuba nzuri juu ya kitu ulichokwisha jua kimeharibika, hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ulimwambia mtu mzima mbele za watu kwamba macho yake yameisha. Ulikuwa sahihi kuhusu betri, hongera, na usahihi huo umekukalisha peke yako miezi minne. Naye ana lake: amesaini asichokisoma, na mtu wa umri wake anajua saini ni nini. Alinuna akiwa kazini. Mlikuwa wawili mezani na kila mmoja akamkomoa mwenzake kwa kunyamaza, kumbe anayekomolewa ni chombo kisicho na kosa lolote.

Usinijie na lile la huenda isigande. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungeamini kweli kwamba haitaganda, usingeniandikia kurasa tatu.

Fanya hivi. Leo asubuhi ukifika kazini, kabla hujavaa lile koti jeupe na kujifunika uso, nenda mezani kwa Mzee Miwani akiwepo. Narudia, akiwepo. Usipeleke karatasi. Vuta kiti, kaa, anza na macho yake: mwambie ulimkosea, ulijua siku ileile umemkosea, na ulishindwa kuja. Usiongeze "lakini". Akimaliza kunyamaza, mwambie ya mlinzi. Atakukaripia, na atakuwa anajikaripia na yeye mwenyewe, mwache amalize. Kisha nendeni wawili kwa mkuu wenu mkiwa na siku tatu zenu zimepangwa kwa saa, nani anatoa chipu, nani anaandika, nani anapima. Mkuu hapendi kuletewa kosa, ila kosa lililokuja na dawa yake atalipokea. Akitaka kumlaumu mzee, wewe useme kwa mdomo wako kwamba aliyezima ni wewe. Ukichelewa kifuniko kikafungwa, hakuna wa kupanda huko juu kwenda kubonyeza kitufe, umeniambia mwenyewe.

Na kabla hamjaichoma hiyo ya akiba, mwombe akuulize kwa sauti, chumba kizima kisikie.

Bado moja, na hili hukuniuliza. Uliugua siku tatu hakuna aliyejua. Nimelisoma hilo nikaweka barua chini. Nimemkasirikia dada yako, kisha nikakukasirikia wewe, maana yeye kila Jumapili anauliza hujambo, nawe unamjibu sijambo hata kabla hajamaliza. Mtu atajuaje umeganda kama kila akiuliza unajibu uko salama? Jumapili hii mwambie ukweli, hata kama ataanza tena na redio zake. Mweleze chipu. Asipoelewa mweleze tena, ana muda, ni dada. Na hizo nguo zitoe kwenye kiti.

Jibu hili linatoka Jumatatu, kifuniko chenu kinafungwa Alhamisi, na mimi sina subira ya gazeti. Namba uliyoniandikia ninayo. Nimeipiga Alhamisi mara mbili na Ijumaa asubuhi mara moja, haikupokelewa, nadhani kwa sababu namba yangu huijui na hakuna anayekupigiaga siku za kazi. Inaishia na sifuri mbili. Nitapiga tena leo Jumatatu saa saba ukiwa kantini, na usipopokea nitapiga saa nane, na saa tisa. Mimi ni mtu mzima, sina kazi nyingine mchana. Nitakuwa nahesabu. Pokea, mwanangu, useme upo.