Watoto Ishirini na Saba Ambao Sikuwahesabu

Mpendwa Mshauri Eliakim,

Naomba msaada wako, na kama ni kunicheka ngoja kwanza ufike mwisho wa barua. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Endebess, nina miaka hamsini na moja, nina kipara, na miaka minne iliyopita nilijiingiza kusomea shahada ya uzamili kule Bungoma wakati wa likizo, nikiketi benchi moja na vijana niliowafundisha kusoma, na utafiti wangu ulihusu jambo tunalolifanya shuleni kwetu kila Januari, yaani kumrudisha mtoto dhaifu darasa la saba ili asiingie la nane akatuharibia wastani wa shule katika mtihani wa taifa. Nilichukua watoto arobaini na sita tuliowarudisha kati ya 2003 na 2005, nikatafuta maksi zao za la nane, nikapata wastani wa 291 kati ya 500, na wenzao ambao hawakurudia walikuwa na 252, basi nikaandika, kwa Kiingereza kizito ambacho hata mimi nikikisoma leo namtafuta aliyekiandika, kwamba kurudia darasa kunamwinua mtoto. Dkt. Nyongesa anayenisimamia alitia sahihi akasema, "Kazi safi, mzee, sasa tafuta joho," na mke wangu, tumwite Tabby, ameshaalika watu wa kwao kwa mahafali ya Desemba, na mwalimu mkuu ametoa nakala ya sura yangu ya mwisho aisome kwenye mkutano wa wazazi Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, maana orodha ya kurudia mwakani ina watoto kumi na mmoja na wazazi wengine wamekataa kutia sahihi.

Sasa wiki iliyopita nilishuka Kimilili siku ya soko, nikaingia hoteli kunywa chai, na aliyeniletea alikuwa Chesang, msichana niliyemrudisha la saba mara mbili kwa kalamu yangu mwenyewe mpaka akaacha shule. Aliweka kikombe, akasimama hapo hapo.

"Mwalimu, si nasikia umeandika kitabu juu ya sisi wenye tulirudishwa?"

Nikasema ndiyo, tena nikajivuna kidogo.

"Mimi niko peji gani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Ama umeandika wale walifika mtihani pekee?"

Mshauri, hayuko peji yoyote. Kati ya wale arobaini na sita, waliofika mtihani ni kumi na tisa, na hiyo 291 ni yao. Ishirini na saba waliondoka kabla, nami nikawamaliza kwa sentensi moja ukurasa wa 63, kwamba "hawakujumuishwa kutokana na changamoto za upatikanaji wa data." Maprofesa wamepita juu ya sentensi hiyo kama watu wanaoruka mtaro, na aliyesimama akauliza ni mtu wa la saba. Nikifukua haya sasa, Desemba sihitimu, na mwalimu mkuu hatanisamehe. Je, naweza kuongeza aya moja ya lugha nzuri mambo yakatulia, au ninyamaze tu?

Ni mimi,
Mwalimu wa Endebess

*

Mwalimu,

Sijacheka. Nilijaribu, nikajikumbuka. Kwa miaka kumi na miwili nimejigamba kwamba ushauri wangu unaponya ndoa, na ushahidi ni droo iliyojaa barua za shukrani. Siku moja mke wangu akaniuliza, "Na wale walioachana baada ya kukusikiliza, huwa wanakuandikia?" Tangu hapo droo siifungui sana. Nimemwomba mhariri apitishe barua yako mbele ya nyingine. Wanaolilia wapenzi watasubiri.

Lakini nitakugombeza. Wewe unaishi katikati ya mahindi. Jirani yako akipanda mbegu mpya, mashina arobaini na sita, ishirini na saba yakauke, kisha apime mavuno ya yale kumi na tisa yaliyosimama na kukwambia mbegu hii ni kali, utainunua? Ungemwuliza, "Bana, na yale yaliyokauka?" Ila yalipokauka ya kwako ukayaita changamoto za data. Chesang anapatikana, Mwalimu. Anapatikana mpaka anakuletea chai.

Tena hata hao kumi na tisa hujui kilichowainua. Huenda ni mzazi mkali nyumbani, huenda ni umri, huenda wangepata maksi hizo hata bila kurudia. Unachojua kwa hakika ni kwamba mtoto dhaifu akiondoka, wastani wa shule unapanda bila mtu yeyote kujifunza lolote. Hilo ndilo mlilokuwa mnafanya kila Januari, nawe ukalipa jina la elimu.

Lugha nzuri unayoomba imeshazidi kwenye hiyo kazi. Ile sentensi ya ukurasa wa 63 ilikuwa nzito kwa sababu ilipewa kazi ya kuficha. Andika hivi: "Tuliwarudisha watoto arobaini na sita. Ishirini na saba waliacha shule." Isome kwa sauti, kisha uone kama mkono wako utaandika chini yake kwamba kurudia kunamwinua mtoto.

Haya. Leo jioni mwambie Tabby. Atakasirika, na ana haki. Mbuzi wa sherehe peke yake ndiye atakayefurahi. Kesho nenda Bungoma umwambie Dkt. Nyongesa kwa mdomo wako. Atanuna, maana sahihi ni yake na macho yalikuwa yake. Likizo ikifika, chukua daftari uwatafute wote ishirini na saba, uanzie Kimilili. Na usimwombe Chesang msamaha mbele ya wateja ili utoke hapo ukiwa mwepesi. Muulize aliacha lini na kwa nini, uandike anavyosema, hata akikutaja. Kwake umechelewa, na hakuna sura utakayoiandika itakayomrudisha darasani.

Wale kumi na mmoja hujawachelewea. Jumamosi, kabla mwalimu mkuu hajafungua nakala yake, simama useme: "Wazazi, kwenye utafiti wangu niliwahesabu waliobaki tu. Walioacha shule ni wengi kuliko waliobaki. Msitie sahihi kwa ajili ya karatasi yangu."

Kisha keti. Ukiendelea utaanza kujitetea, na mkutano huo si wako.

Eliakim