Mstari Uliouona Siku ya Mvua

Chumba cha Pili,
Nyumba za Wafanyakazi, nyuma ya Uwanja wa Taifa.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kisiki,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Na binti yenu je, kile kikohozi kimemwachia? Barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari sita, kana kwamba huko wino unauzwa kwa tone, lakini kikohozi ulikitaja, na tangu hapo sijaacha kukiwaza. Msimruhusu aende shule asubuhi na nywele mbichi.

Mimi ni mgongo tu. Mwezi huu nimeshona jezi thelathini za timu ya taifa ya raga peke yangu, kwa sababu fundi mwenzangu ameacha kazi na hawajaleta mwingine. Ukiniona ninavyoinuka kwenye cherehani utadhani mimi ndiye niliyekuwa nasukuma skramu. Baba yupo. Naandika yupo kwa sababu siwezi kuandika kwamba ni mzima. Miguu imevimba, macho yamebaki ya kutofautisha dirisha na ukuta, na daktari ameacha kumpangia tarehe ya kurudi. Amesema tukae naye tu nyumbani. Wewe ni mtu mzima, maana yake unaijua.

Nina neno zito la kukwambia, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Nikilitaja ghafla hutaniamini. Nivumilie nianzie mbali kidogo, kama kawaida yangu.

Wanaing'oa nyasi ya uwanja. Wataweka ya plastiki baada ya mechi ya mwaka huu, kwa hiyo stoo ya baba imesafishwa. Wiki mbili zilizopita mtunza uwanja wa sasa, aliyempokea baba kazi, alituletea vitu vyake: toroli la chokaa, kamba, vigingi, na lile daftari la jalada la bluu. Unalikumbuka? Tulikuwa tunapigwa tukiligusa. Humo baba aliandika kila mechi ya raga kati yetu na jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, tangu ya kwanza: tarehe, matokeo, ndoo za chokaa alizotumia, na hali ya mistari. Alilishika, akalinusa, akaniambia nimsomee. Basi kila baada ya chakula cha mchana nikawa namsomea kurasa mbili tatu, naye amelala chali akitabasamu.

Ndugu yangu, nilicheka. Mechi ya kwanza nilikuwa na miaka saba, na ninaikumbuka. Ng'ambo walikuja kwa malori mawili, wamechelewa, nusu ya viatu vimesahaulika njiani. Watu wetu kwa ustaarabu wakawaazima viatu. Wakatupiga ishirini kwa sita, sisi tukivitazama viatu vyetu wenyewe vikituacha. Tenda wema nenda zako! Siku hiyo ndipo punje ya firimbi ya refa ilipotoka, ikaazimwa kengele ya shule ya jirani, na mpaka leo kengele hiyo ndiyo kombe lenyewe. Anayeshinda anachukua kengele, anayeshindwa anachukua ulimi wake wa chuma, ili isilie mpaka timu hizi mbili zikutane tena. Baba ameandika kwamba ile miaka miwili ambayo mpaka wa nchi ulifungwa, kengele ilikaa kwetu bubu juu ya kabati la kamati, na yeye ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi.

Jumla ya daftari lote, na zile alizoongeza mtunza uwanja wa sasa, ni mechi thelathini na tisa. Wao wameshinda ishirini na mbili, sisi kumi na nne, sare tatu. Usinicheke, najua sasa uko upande wa wengi.

Jana tukafika mechi ya ishirini na moja.

Nilitaka kuruka ukurasa. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akizima redio wakitaja raga tu, na mimi nimerithi hiyo tabia. Lakini baba akasema, soma. Nikasoma juu juu, kama mtu anayesoma tangazo la vifo asiyetaka kukuta jina analolijua humo. Unayajua matokeo. Kumi na tano zao kwa kumi na mbili zetu. Tulikuwa tumeshinda mara mbili mfululizo, na ya tatu ingetupa kengele na ulimi wake, vyote viwili, daima. Watu walilala foleni kununua tiketi. Dakika ya mwisho ukachomoka na mpira, mvua inamwagika, watu wawili wamekuning'inia mgongoni na hukung'oka. Ukaulaza mpira kwenye mstari, ukainuka, mikono juu. Uwanja mzima ukanyamaza, kwa sababu mstari wa trai, ule wa kupatia pointi, ulikuwa hatua tatu mbele yako. Mtu wao akauokota mpira akaupiga nje, refa akamaliza.

Yaliyofuata sina haja ya kukukumbusha, wewe ndiye uliyeyabeba. Walisema kipofu. Halafu wakasema hapana, huyu si kipofu, huyu ameuza mechi, si mchumba wake ni wa ng'ambo? Mawe yakapiga dirisha hili hili ninaloandikia. Kazi ukafukuzwa. Na wewe ulikuwa ukirudia neno moja tu, kwa kamati, kwa majirani, kwa kila mtu: niliuona mstari, ulikuwa mweupe, niliuona. Jumatatu kamati ikaja kukagua, ikakuta mstari mmoja tu. Baba alikuwa amesimama nao. Nilimwona kwa macho yangu, ameshika kofia mkononi.

Sasa nakunakilia alichoandika, neno kwa neno:

«Jumatano soka. Mistari ya soka imefutwa, isipokuwa wa goli upande wa kusini, muda hautoshi. Nimeufunika kwa maranda ya kijani. Mvua kubwa kipindi cha pili, maranda yameondoka na maji. Baada ya mechi nimeukwangua kwa jembe. Hakuna aliyeona.»

Nilishalitamka neno la mwisho ndipo maana ikanifikia. Wewe ni seremala, unajua maranda yanavyoelea. Baba aliyekuwa akisifiwa kwamba mistari yake imenyooka kuliko uzi wa fundi, mwaka ule, mechi ile, alifanya kazi ya kuficha kwa vumbi la mbao. Mvua ikamfunulia mstari mbele ya watu elfu ishirini, na katika hao wote, wewe peke yako wa upande wetu ndiye uliyekuwa karibu vya kutosha kuuona.

Nilimtazama. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni mwake na hakuyafuta. Aliniambia, «Mimi ndiye niliyeufuta, mwambie.» Nikamuuliza, baba, miaka kumi na tisa? Akasema mwanzo aliogopa kufukuzwa, nyumba ni ya kazi, mama mgonjwa, mimi bado najifunza cherehani. Alingoja watu wasahau. Kisha ukahamia ng'ambo, na kila mwaka uliopita uliifanya aibu kuwa kubwa kuliko mdomo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Hii ya baba imepita kote, imepita hata kaburini kwa mama, ambaye alikufa akiamini kwamba huji kumwona kwa sababu umetuchukia.

Mimi simtetei. Namwosha, namlisha, namgeuza ubavu, na tangu jana kuna nyakati nashindwa kumtazama usoni. Nilitoka nje nikalia nyuma ya stoo kama mtoto. Hasira ninayo, na sina pa kuipeleka, maana utamfokea nani, mtu anayeshindwa kushika kijiko?

Ila na mimi nina langu. Usiku wa kuamkia safari yako, ulipokuwa unafunga begi, uliniuliza kama angalau mimi nakuamini. Nikakujibu labda ulichoka, mvua ilikuwa nyingi. Ulifunga begi, ukaomba maji, ukanywa. Jibu hilo nimelirudia kichwani tangu jana mchana, na nadhani wewe umekaa nalo miaka yote. Nisamehe, Kisiki. Ulikuwa na watu wawili tu ambao hawakupaswa kukutilia shaka, mmoja alijua ukweli na mwingine hakuutafuta.

Baba ameomba niwaite wazee wa kamati ile waje aseme mbele yao. Nimeuliza. Waliobaki hai ni wawili, na mmoja hasikii. Hata hivyo watakuja Jumamosi, na huyo asiyesikia nitamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Waliorusha mawe sijui niwaite wapi. Wengi ni majirani zetu, tunaazimana chumvi.

Mechi ya arobaini ni tarehe ishirini na mbili mwezi huu, ya mwisho juu ya nyasi ya baba. Ng'ambo wanakuja na mabasi. Panda mojawapo. Kaa upande wao, vaa rangi zao ukitaka, mimi nimeshona za huku na sitanuna. Uwanja ni hatua mia mbili kutoka kitandani kwake. Sikuahidi kwamba utamkuta, daktari mwenyewe haahidi. Wala sikwambii umsamehe, hilo si langu kuliomba na yeye hajathubutu kuliomba. Ameuliza tu kama bado una lile kovu la nyusi, halafu akageukia ukutani. Ukiona huwezi kuja, nitaelewa, na nitamwambia barabara imekatika. Nyumba hii imeshazoea uongo, mmoja zaidi hautaibomoa.

Ndani ya bahasha kuna ule ukurasa wa daftari. Nimeuchana kwa wembe ili usiharibike. Baba alisikia sauti ya karatasi akauliza nafanya nini, nikamwambia, akasema, mpelekee, ni wake. Ukae nao. Akitokea mtu yeyote wa kukusema, huko au huku, mwekee mbele asome.

Shangazi anakusalimu, na fundi viatu wa jirani, yule aliyekushonea njumu za kwanza, anakusalimu pia. Yeye ndiye pekee aliyekuwa akisema mtoto yule hana kosa, tukamwona mlevi. Msalimie sana wifi, umwambie nami namwomba radhi, maana alibebeshwa mzigo wa mechi ambayo hata kanuni zake hazijui. Mbusu binti. Mungu awafunike kwa mkono wake, na mkate wenu usikatike.

Neno la mwisho. Baada ya mechi ulikwenda kupima macho, daktari akakwambia ni mazima kabisa, hukumwamini, ukanunua miwani kwa mchuuzi kando ya barabara. Ninazo picha zako zote ukutani, ya harusi, ya binti amezaliwa, ya karakana yako mpya. Zote umevaa miwani ile. Ivue, mdogo wangu. Mstari ulikuwepo.

Ni mimi nikupendaye, nilichelewa tu,
Dada yako