Nafasi Moja, Darasa la Pili

Jumatatu, 6 Oktoba

Faili jipya mezani. Mshonaji wa nyuma ya stendi anaomba kiwanja chake kibadilishwe matumizi, kutoka biashara kiwe makazi. Nimekwenda kukikagua. Mama wa watu analala humohumo dukani, nyuma ya pazia, na mjukuu aliyeachiwa na binti yake marehemu. Shule haimwandikishi mtoto bila anwani ya makazi, na sisi hatutoi anwani ya makazi kwenye kiwanja cha biashara. Basi mtoto anashinda chini ya cherehani akiokota vifungo. Ana miaka saba, alipaswa awe darasa la pili.

Sera yetu haina mchezo. Maji, majitaka, barabara, zahanati, shule — kimoja tu kikijaa, ombi limekufa. Bosi, tunayemwita Mhuri kwa anavyopenda kugonga mihuri, anataka ripoti kabla ya kikao cha kamati. Nikasema sawa mkuu. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Nyumbani kimya. Mke wangu kanitengea chakula, kaenda kulala. Huu mwezi wa saba tangu tumzike binti yetu, Kifaranga wetu. Tunapishana kwenye korido kama wapangaji.

Jumanne, 7 Oktoba

Maji yapo. Bomba la majitaka bado lina nafasi. Barabara sawa, zahanati sawa. Shule — imejaa! Mwalimu Mkuu kajibu kwa mstari mmoja: darasa la pili halina nafasi hata moja.

Nikampigia mshonaji. Nilitegemea matusi, simu hii imeshasikia mengi. Akasema tu, haya baba, nashukuru umenipigia. Afadhali angenitukana.

Ila ukiambiwa "imejaa", utaratibu ni afisa aende akahesabu madawati kwa macho yake. Shule ile aliyosoma Kifaranga! Sijaikanyaga tangu msiba. Nimetafuta wa kumtuma, kila mtu ana udhuru. Wavivu wakubwa. Kesho nitakwenda. Hapana, keshokutwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda.

Darasa la pili walisimama wakaniamkia kwa sauti moja. Wenzake wale. Wamerefuka! Yule rafiki yake kibogoyo ameota meno.

Nikahesabu. Kila mtoto na dawati lake, ila moja la dirishani, tupu. Safi kuliko yote, linang'aa. Nikamuuliza Mwalimu Mkuu, huyu anaumwa leo? Mwalimu akanishika mkono akanitoa nje.

Kumbe mke wangu huja kila Ijumaa watoto wakishatoka. Analifuta lile dawati la Kifaranga, anakaa kidogo, anaondoka. Aliomba lisikaliwe na mtu. Mwalimu akashindwa kukataa — akasema, ningemwambia nini mwanamke mwenzangu, na uchungu ule? Ndiyo maana kila anayeomba nafasi anajibiwa imejaa.

Mimi nilidhani Ijumaa anakwenda kwa dada yake. Wala sikuwahi kuuliza! Nikakaa kwenye ngazi kama mlevi, nikalia. Watoto waliotoka mapumziko wakanizunguka wananitazama. Na Mungu anisamehe, niliona wivu. Mwenzangu alipata pa kwenda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mhuri kauliza: imejaa au haijajaa? Nikamweleza yote. Akavua miwani. Akasema, ndugu yangu, andika imejaa, nagonga mhuri sasa hivi, na hakuna wa kukuuliza. Alinionea huruma, najua. Nikashika kalamu. Wallahi nilikuwa naandika! Halafu nikamkumbuka yule mtoto na vifungo vyake. Nikaomba mpaka Jumatatu.

Jioni mke wangu kaingia, macho mekundu. Nikajifanya nasoma gazeti. La juzi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia. Alikuwa anamenya vitunguu. Nikamweleza habari za mshonaji, mjukuu, dawati, kila kitu. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo na wewe ukaenda kuhesabu," akasema. "Ukaona hayupo."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilihesabu, mwanangu hayupo.

Nikamwambia, mama, sema neno moja tu, Jumatatu naandika imejaa, yaishe. Akamenya kitunguu kingine, na kingine, vingi kuliko tunavyohitaji watu wawili.

Halafu akauliza, ni wa kike?

Wa kike.

Mkubwa?

Nikasema, mdogo wa umbo, kama... Nikaishia hapo. Mjinga mimi!

Akanawa mikono. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Heri angeubamiza, ningejua nimesimama wapi.

Niko sebuleni naandika. Kabati limefunguliwa, henga zinagongana. Anatoa nguo, nyingi. Sasa nasikia zipu ya begi. Sijui anapakia nguo zake au za binti yetu. Nimesimama mlangoni mara mbili, mkono umeinuka, nimeogopa kugonga.