Dumuzi Hawali Dhahabu

Kigwa, 3 Juni 2024

Mwanangu Consolatha,

Hujambo huko Arusha? Mimi sijambo, ng'ombe hawajambo, na kaburi la mama yako nimelipalilia. Pakiti yako imefika. Nimecheka mpaka jirani yetu Dionis akaja kuuliza kuna nini. Miaka yote hiyo ya chuo, halafu unaniletea vijikaratasi na kijimashine kama kiberiti! Eti vina chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni. Dhahabu isiyoonekana, hata matapeli wa Nzega hawajathubutu kuiuza.

Kifua kinanibana nikipanda mtini kwenye mizinga ya nyuki tu. Ni uzee.

Baba yako

Arusha, 12 Juni

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Nafurahi ng'ombe hawajambo, maana ndio unaowasikiliza. Moyo ukiumia huvujisha protini fulani kwenye damu. Dhahabu unayoicheka huinasa, mashine inapima umeme, namba inatokea. Ikizidi arobaini, nenda hospitali Tabora. Ni tone moja tu. Mtu asiyeogopa nyuki anaogopa sindano? Maelezo yote yamo kwenye karatasi ya ndani.

Binti yako

Kigwa, 29 Juni

Mwanangu,

Salamu. U mzima? Mimi mzima, na ushahidi ninao. Juzi kifua kilibana hadi mkono wa kushoto, jasho likanitoka. Dionis akataka kunikimbiza Tabora. Nikamwambia ngoja, tutumie elimu ya binti yangu. Nikajichoma. Namba: mbili! Nikaenda zangu kulala. Ama mimi ni mzima, ama wewe ni mpumbavu. Chagua.

Na usiseme sikuvitunza. Ile karatasi ya Kiingereza niliwashia moto. Vijikaratasi vyenyewe nilivitoa kwenye vifuko vyake, nikavifunga darini juu ya meko pamoja na mbegu za mahindi. Kwa moshi ule, dumuzi wanaotoboa mahindi hawasogei.

Baba yako

Ujumbe kwa simu ya Dionis, 8 Julai

Shikamoo mzee Dionis, pole na kazi. Barua ya Baba nimeipata leo, na yeye simu hana. Msomee hii kwa sauti: Baba, shikamoo. Dumuzi hawali dhahabu! Moshi umeviua vile vijikaratasi. Vingesoma mbili hata ungevichovya kwenye mchuzi wa maharage. Nenda Tabora leo hii. Usipokwenda nitajua baba yangu ni mwoga. Binti yako.

Tabora, wodini, 15 Julai

Mwanangu,

Salamu kutoka kitandani. Chakula cha hapa hakina chumvi. Usidhani nimekuja kwa ajili ya sayansi yako. Dionis alilisoma hilo neno "mwoga" kilabuni, mara mbili, watu wote wanasikia. Nikapanda gari kuja kuchukua cheti cha uzima nikuaibishe nacho.

Sikukipata. Daktari, kabinti ka umri wako, amesema sehemu ya moyo imeshakufa, na ningepanda mti mara moja tena ningemfuata mama yako. Nililia, Consolatha. Usimwambie Dionis.

Lakini msomi gani anatuma vitu Kigwa na maelezo ya Kiingereza? Hapo bado nakudharau. Tuma vingine, na safari hii uandike juu ya pakiti, kwa herufi kubwa: SI MBEGU.

Baba yako