Pulatini za Baba Rehema

Jumatatu, 3 Machi 2014
Nimemgeuza, nimempaka mafuta mgongoni. Uji kikombe kimoja, nusu umemwagikia shingoni. Kisha shule, kufundisha darasa la nne. Nimerudi mbio wakati wa mapumziko. Mvua tupu hapa Kibondo. Tangu kiharusi kimpige mume wangu, Baba Rehema, upande wa kulia hauna habari naye na maneno yamemwishia. Leo limetoka moja. Nimefurahi, nikainama nisikie vizuri.
"Pauliini."
Nimeacha bakuli pale pale, nikatoka nje.

Alhamisi, 6 Machi
Analirudia kutwa. Pauliini, Pauliini. Si jina langu, si la binti yetu Rehema, si la marehemu mama yake. Paulina namjua. Mjane wa Gwarama, mwenye ng'ombe. Mume wangu alipokuwa bwana mifugo alikwenda kwake kuchanja, akarudi na asali nyuma ya pikipiki. Asali nikaila mimi, mjinga.
Nimetoka Tanga kuja kufundisha kwenye baridi hii, nikaolewa na Muha, ndugu zangu wakanicheka. Nina miaka hamsini na mitano, nampangusa mtu mate, na nina wivu. Wivu wa kunikosesha chakula.

Jumapili, 9 Machi
Sijasema naye tangu juzi. Namlisha kimya. Analia kwa jicho moja. Mimi nalilia jikoni.
Nimemtuma dereva wa gari la Kakonko apeleke salamu Gwarama. Aje huyo Paulina nimwone. Liwalo na liwe.

Jumatano, 12 Machi
Kaja. Mzee kuliko mimi, miguu imevimba, kikapu cha maharage kichwani. "Mwakeye," kasalimia kwa Kiha, kakaa mkekani kando ya kitanda. Nikasimama mlangoni na mikono yangu kifuani. Baba Rehema hata hakumtazama. Alinitazama mimi, mkono wa kushoto unaonyesha jikoni, na neno lake lile lile.
Paulina akasikiliza, akanigeukia.
"Mwalimu, si mimi anayeitwa. Anasema pulatini. Za pikipiki."
Pulatini. Mafundi wa huku ndivyo wanavyoita, neno limevuka kutoka Burundi. Kwetu Tanga tunasema pointi. Vyuma viwili vidogo ndani ya injini, vinagusana na kuachana, cheche inatoka. Vikichafuka pikipiki haiwaki. Baba Rehema alivisugua kwa ubavu wa kiberiti, pale pa kuwashia.
"Hata viberiti vyangu kavimaliza," Paulina akasema.
Nimecheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikageuka, nikashindwa kunyamaza. Paulina alinishika kichwa kama mtoto.

Ijumaa, 14 Machi
Sasa najua anadai nini. Pikipiki ile aliinunua kwenye mnada wa ofisi kabla hatujaoana, ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Kila asubuhi aliingia jikoni kuchukua kiberiti changu. Alikirudisha ubavu umekwanguka, mimi nawasha, hakiwaki, chai inachelewa. Nilimsema, nikamsema. Mwaka juzi akachoka na mdomo wangu. Akaipeleka Kasulu, wakatoa pulatini, wakafunga kisanduku cha umeme, sidiai. Ikawa inawaka kwa kiki moja. Hakuingia tena jikoni asubuhi. Mimi nikaona nimepumzika.

Jumanne, 18 Machi
Fundi Bosko, aliyezitoa, nimemwita kaja kutoka Kasulu, tope mpaka magotini. Pulatini za zamani anazo kwenye kopo la kahawa. Mzee alimkataza kuzitupa.
"Mama, watu wanazitoa, wewe unarudisha?"
Nikamwambia funga, baba.
Kondensa, kile kikopo kidogo kinachosaidia cheche, ilikuwa imekufa. Amefunga nyingine, ya pampu ya maji iliyochakaa. Tulimtoa mgonjwa barazani, tukamwegesha kwa mito. Kabla pulatini hazijaingia nikaenda jikoni, nikaleta kiberiti. Bosko akazishika mbele yake. Mgonjwa akasugua kwa mkono wa kushoto, polepole, jasho linamtoka. Hakuna aliyemharakisha.
Kiki tatu, kimya. Ya nne ikashika. Ikakohoa, ikanguruma ovyo kama zamani, majirani wakachungulia. Baba Rehema akafumba macho. Alipoyafumbua alinitia kiberiti kiganjani, akanifunga vidole.
Nilikipokea. Sikumsema.

Jumatatu, 24 Machi
Amefariki Jumamosi alfajiri. Kiharusi cha pili. Tumemzika alasiri ya siku hiyo hiyo. Rehema hakumwahi baba yake, basi lilikwama njiani. Paulina kalala hapa tangu siku hiyo, anapika. Inauma.

Alhamisi, 24 Aprili
Bado niko eda. Mvua imepungua. Pikipiki iko barazani, Rehema ameifunika turubai kabla ya kuondoka.
Asubuhi nilitaka kuchemsha chai. Nikachukua kiberiti nyuma ya birika. Njiti ya kwanza haikuwaka, wala ya pili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimseme. Nikakigeuza. Ubavu umekwanguka, karatasi nyeupe inaonekana.
Nimekirudisha pale pale nyuma ya birika. Nikamwita jirani juu ya ua, anipe moto.